Shajara Isiyo na Mama

Karatasi ya shajara, yaani mti wa nasaba, ni ya daftari la mistari, imekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo imeanza kuachana. Maandishi yake ni ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wino umegeuka rangi ya kahawia, na mkono ulioandika ulikuwa wa mtu aliyekalishwa chuoni akakalika: herufi zimesimama, nukta zimekaa mahali pake. Mzee aliyeitoa sandukuni, katika nyumba moja ya mawe mjini Kilwa Kivinje, aliitandaza juu ya mkeka, akaibana pembe zake kwa vikombe vya kahawa, kisha akaanza kuisoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuihifadhi zamani. Fulani bin fulani bin fulani. Majina yalishuka kutoka juu hadi chini, kutoka ng'ambo kuja Kilwa Kisiwani, kutoka Kisiwani kuvuka kuja Kivinje, mpaka yakafika kwa baba yake. Na chini ya hapo, kwa kalamu ya bluu, lake yeye na ya wanawe. Vizazi vyote vile vilikuwa vya baba na mwana. Mama hakutajwa hata mmoja.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, na mama yake babu yako?" Akanitazama kwa upole. "Huyo alikuwa mtu wa bara, mwanangu," akasema, akaanza kuikunja karatasi. Hapakuwa na dharau katika sauti yake. Alinipa kila alichopewa yeye na waliomtangulia. Lakini maneno yale hayajaniacha tangu siku ile. Mtu wa bara: bara la wapi, mto gani ulipita karibu na kwao, alikuwa na ndugu wangapi, walimwita nani kabla hajaitwa jina la huku? Na siku alipofika ufukweni akaiona bahari kwa mara ya kwanza, alimwambia nani, na kwa lugha gani?

Kivinje ni mji unaokumbuka. Ukishuka Nangurukuru ukaifuata barabara mpaka pwani, utakuta mivinje inavuma, mikoko imesimama kwenye tope maji yakitoka, boma la Wajerumani linatazama bahari, na nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zenye roshani zilizolegea, miti imejiotea juu ya kuta. Wajerumani wawili wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki waliouawa hapa mwaka 1888 walijengewa mnara. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani mpaka wakamnyonga mwaka 1895, anakumbukwa kwa mwembe aliotundikwa, na Mwembe Kinyonga umeipa jina hata hospitali ya wilaya, kwa hiyo kila mama anayekwenda kujifungua pale anakwenda Kinyonga. Basi si kweli kwamba mji huu ni msahaulifu. Unakumbuka walioua na waliouawa, waliotawala na waliokataa kutawaliwa. Waliozaa ndio wamebaki nje ya kumbukumbu.

Simlaumu mzee wangu. Nasaba katika pwani yetu imezoea kukaa imeupa mgongo ukuta wa bara, uso ukielekea baharini. Habari za Kilwa zenyewe, zile za Kiarabu na zile alizosimuliwa Mjerumani Carl Velten kwa Kiswahili akazipiga chapa mwaka 1907, zinaanza kwa jahazi. Anakuja mtu kutoka Shiraz, jina lake Ali, anamkuta mwenyeji, anakinunua kisiwa kwa nguo zilizotandazwa kukizunguka. Katika masimulizi ya Kiswahili anaoa pia binti wa mwenyeji yule, na kwa tumbo la binti huyo ndipo utawala unapopata mzizi, kwa kuwa mtoto anayezaliwa ana haki pande zote mbili. Wasimulizi wamelihifadhi jina la baba wa binti. Wamelihifadhi la mumewe. Yeye ni binti tu. Kila mara nikiifikiria ile nguo iliyotandazwa ufukweni huona kwamba bei halisi ya kisiwa haikuwa nguo.

Mwezi Machi mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, wengi wao katika miji ya pwani: Manda, Faza, Mtwapa, Songo Mnara, Kilwa yenyewe na Lindi. Mifupa ilisema jambo ambalo shajara hazikulisema. Katika wengi wa watu hao, urithi wa upande wa baba ulielekea Uajemi, na wa upande wa mama ulitoka, karibu wote, hapa hapa Afrika, na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Watu walibishana sana utafiti ulipotoka. Waliokuwa wakijiita Washirazi wakasema, tuliwaambia. Na waliokuwa wakisema Mswahili ni Mwafrika nao wakasema, tuliwaambia. Kwangu mimi kubwa halikuwa hilo. Kubwa ni kwamba mabibi zetu walikuwa wamelala makaburini miaka 700 wakisubiri kuulizwa, na walipoulizwa wakajibu.

Lakini mtu wa bara aliyetajwa na mzee wangu si wa mwaka 1000. Ni wa juzi. Ni wa karne ya 19, wakati Kisiwani ilipokuwa imefifia na Kivinje imekuwa mwisho wa njia ndefu kutoka Ziwa Nyasa, njia ya pembe za ndovu, sandarusi na watu. Kwa makadirio ya wakati ule, katika miaka ya 1860 karibu watu 20,000 kwa mwaka walipitishwa kutoka pwani hii ya Kilwa, wengi wao wakipelekwa Unguja. Walikuja kwa miguu, kupitia Uyao na Ungindo, wakiwa wamebeba mizigo ambayo nayo ingeuzwa. Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ile baharini, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Wengi walikuwa wameshavushwa. Wengine hawakuvushwa, walibaki hapa hapa, mashambani, majikoni, na katika vyumba vya ndani vya nyumba zile za mawe.

Miongoni mwa maelfu hao ninamjua mmoja kwa jina, na jina lake limebaki kwa sababu alinusurika na kuna aliyeandika habari zake. Anaitwa Swema. Alikuwa mtoto wa Kiyao. Baba yake alikufa, mama yake akakopa mtama, mavuno yakamwangusha, na mdai alipochoka kungoja akamchukua mtoto badala ya deni. Msafara ulipoondoka mama akaufuata. Alijitolea kubeba pembe ya ndovu kama mpagazi, mradi tu asitengane na mwanawe. Alibeba mpaka nguvu zikamwisha, akaachwa njiani. Swema akaletwa pwani ya Kilwa, akapakiwa jahazi mpaka Unguja, na alipofika huko yu hoi kwa njaa na huzuni akafukiwa akiwa bado anapumua. Akasikiwa, akafukuliwa, akachukuliwa na wamisionari wa Kikatoliki. Hayo yalitokea katikati ya miaka ya 1860. Tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na tunaisema methali hiyo kwa wepesi, kwenye ngonjera na kwenye harusi. Kuna mwanamke aliyeithibitisha kwa miguu yake, siku baada ya siku, pembe ikiwa begani, katika njia inayokuja Kivinje. Kaburi lake liko mahali fulani kati ya ziwa na bahari, na lazima wapo wengi waliolala kando ya njia hiyo hiyo ambao damu yao inatembea leo katika mitaa ya mji huu.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Wayao, Wamwera, Wamakua na Wamakonde walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, mjomba ndiye mwenye usemi, na mwanamke ndiye aliyebeba jina la watu wake kutoka kizazi hiki kwenda kizazi kijacho. Mwanamke kama huyo akitekwa, kwa hesabu ya kwao ulikuwa umetekwa ukoo. Sasa mlete Kivinje. Huku nasaba inakwenda kwa baba. Akifanywa suria wa bwana muungwana akamzalia, sheria inamwangalia mtoto kwa jicho la baba: ni huru, ni halali, anachukua nisba ya baba, na mama mwenyewe haruhusiwi tena kuuzwa, na bwana akifa anakuwa huru. Ilikuwa afadhali kubwa, sikatai. Wengi waliponea katika mlango huo. Lakini mlango huo ulikuwa na bei. Kwa kizazi kimoja tu, ukoo uliokuwa ukihesabiwa kwa wanawake tangu enzi na enzi ulifika katika mji usiojua kuuhesabu, ukaisha. Mtoto akawa bin fulani. Mama akawa mtu wa bara.

Wahenga wakasema mwacha asili ni mtumwa. Tumeifundisha methali hii shuleni bila kusimama kuisikiliza inavyosikika Kivinje. Mtumwa wa Kivinje hakuiacha asili yake, alinyang'anywa. Alikuja na jina, na ukoo, na mwiko wa ukoo wake, na nyimbo za unyago za kwao, akavuliwa vyote na kuvikwa jina la sokoni: Mabruki, Feruzi, Almasi, Zafarani, Faida. Majina mazuri, ya vito na ya baraka, yaliyobandikwa juu ya watu ambao wazazi wao walikuwa wamekwisha kuwapa majina. Walioiacha asili ni sisi tuliokuja baadaye, tuliomjua bibi, tukala mkononi mwake, tukanyamaza juu ya alikotoka. Ninajua kwa nini tulinyamaza. Katika mji ambao muungwana na mzalia wa watumwa walikaa sehemu mbalimbali barazani, mama aliyenong'onezwa kuwa mtumwa aliweza kumkosesha mjukuu mchumba. Kimya kile kilikuwa ngao. Ila utumwa katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922, zaidi ya miaka 100 sasa, na ngao bado tumeishika ilhali aliyekuwa akitupiga mishale amekwisha kwenda zake.

Mwaka huo huo wa 1922, mbali kabisa na kwetu, kulitokea jambo ambalo nimelitafakari sana tangu nilisome. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ayalandi, jengo la kumbukumbu za taifa mjini Dublin liliteketea mwishoni mwa mwezi Juni, likaungua na nyaraka za karne saba, pamoja na karibu daftari zote za sensa za 1821 mpaka 1851. Ziliungua sensa za kabla na za baada ya ile njaa kuu ya viazi, iliyoanza 1845 na kuua watu wapatao milioni moja, na kuwapakia melini wengine zaidi ya milioni moja kwenda Marekani, Uingereza na kwingineko. Wajukuu wao leo wanarudi. Wanatoka Boston na Chicago na Sydney, wanatafuta parokia, wanatafuta kibanda kilichobaki kuta, wanasimama katika shamba la mtu wasiyemjua wakilia kwa ajili ya bibi wasiyepata kumwona. Sioni ajabu yoyote katika hilo. Mwenye njaa ya kwao haponi kwa kushiba ugenini. Kinachonigusa ni walichofanya baada ya moto. Walianza kutafuta nakala. Barua iliyopelekwa London ilikuwa na nakala ya kitu kilichoungua Dublin. Mtu aliyenakili ukurasa kwa ajili ya kitabu chake alikuwa ameuokoa bila kujua. Mwaka 2022, miaka 100 kamili, wakafungua hazina ya mtandaoni iliyokusanywa vipande vipande kutoka katika nyumba nyingi za kumbukumbu.

Nasi vipande vyetu vipo, ila vimetawanyika. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alipatana na Sultani wa Kilwa auziwe watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya kisiwa kinachoitwa leo Morisi. Kwa hiyo katika Morisi na Reunion wamo watu wanaozungumza Krioli na ambao bibi zao walipita hapa. Kuanzia mwaka 1873 manowari za Waingereza zilikamata majahazi na kuwashusha baadhi ya waliokombolewa Durban, wengi wao Wamakua. Wajukuu zao wanaitwa Wazanzibari mpaka leo na wameshika dini yao, ingawa serikali ya ubaguzi iliwahamisha kwa nguvu. James Mbotela aliandika *Uhuru wa Watumwa* kutokana na habari za wazee waliokombolewa baharini na kuwekwa Freretown, Mombasa, na baba yake mwenyewe alikuwa mmoja wao. Maskati kuna nyumba zinazozungumza Kiswahili jikoni, ambamo mama mkubwa bado anaitaja Lindi na Kilwa. Na katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yapo mafaili ya Wajerumani, waliokuwa wakiandika kila kitu. Kilichopotea Kivinje huenda kimekaa katika mojawapo ya sehemu hizo, katika kumbukumbu ya mtu ambaye hajui kwamba anakihifadhi kwa niaba yetu.

Mtu akitaka kwenda huko bara kupatafuta, ajiandae. Bara yenyewe imehamahama. Vita vya Majimaji vilipoanza katika milima ya Umatumbi mwezi Julai 1905, Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na chakula, na waliokufa kwa vita na kwa njaa iliyofuata wanakadiriwa kuwa baina ya 75,000 na 300,000. Katika miaka ya 1940 Waingereza waliwaondoa Wangindo katika sehemu kubwa ya Liwale, na nchi yao ikaongezwa kwenye pori la akiba la Selous, ambalo sehemu yake tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kisha zikaja operesheni za vijiji za miaka ya 1970, watu wakahamishwa tena. Kwa hiyo wako wenzetu ambao mahame ya babu zao yamo ndani ya hifadhi, wanapopita tembo na watalii, na wao wenyewe hawawezi kwenda kufyeka kaburi bila kibali. Wazee wa kusini watakwambia: ukiuona mwembe mkubwa porini peke yake, usidhani umejiotea. Mtu alikula embe pale akatupa kokwa uani kwake. Ninaamini kwamba serikali inayojua kumpokea mtalii kutoka Dublin na Chicago haitashindwa kuwapangia wajukuu wa Wangindo siku zao katika mwaka, waende wakasome dua kwenye mahame ya wazee wao, na pori lisipungukiwe kitu.

Kuna mahali pawili ambapo jina la mama haliwezi kurukwa hata katika Kivinje. Kwanza ni kwa mwenye elimu ya falaki. Ukienda kutazamiwa nyota hatakuuliza baba yako ni nani; atauliza jina lako na jina la mama yako, maana katika hesabu yake mama ndiye asiye na shaka. Pili ni kaburini. Udongo ukishajazwa, watu wakarudi nyuma kidogo, msomaji wa talkini huchuchumaa upande wa kichwa na kumwita maiti, na humwita kwa mama yake. Mtu aliyeitwa bin fulani maisha yake yote, kwenye cheti cha ndoa, kwenye daftari la kura, kwenye karatasi ya sandukuni, anazinduliwa kwa jina la mwanamke aliyemzaa. Nimeona katika mazishi mtoto wa marehemu akiulizwa kwa haraka, "Bibi yako aliitwa nani?" naye akawatazama wajomba, na wajomba wakatazamana. Shangazi mmoja mzee ndiye aliyelijua, naye alikuwa nyumbani pamoja na wanawake. Ikabidi kijana akimbie kwenda kumwuliza, na watu wote wakangoja juani, kimya, mpaka aliporudi na jina. Lilikuwa jina la Kiyao. Jina la mama lisipojulikana husemwa mwana wa Hawa, na Mwenyezi Mungu anamjua kila mwana wa Hawa. Lakini siku ile niliona nyuso za watu kijana aliporudi, na hakuna aliyeona aibu.

Nimewahi kuambiwa kwamba kuyafukua haya ni kuwasha moto uliozimika. Siafiki. Moto uliowaumiza mabibi zetu uliwashwa na waliowateka na waliowanunua, na mjukuu akilitaja jina la bibi yake hamchomi mtu. Wala sisemi tuzichane shajara za baba zetu. Ni za kweli, zimetunzwa kwa taabu, na zina haki ya kubaki. Ninachosema ni kwamba hazijakamilika, na aliye na uwezo wa kuzikamilisha mara nyingi hakusoma chuoni zaidi ya juzuu chache, hana sanduku wala karatasi, na yote anayoyajua yamo kichwani mwake.

Basi, ndugu msomaji, kama una bibi au shangazi aliye hai, iwe Kivinje, Masoko, Lindi, Unguja au Maskati, kaa naye asubuhi nafsi ikiwa imetulia, si mbele ya wageni. Mwulize mama wa mama yake aliitwa nani, na kabla ya jina hilo aliitwaje. Mwulize mto, mlima, mwiko wa ukoo, wimbo wa kubembelezea mtoto ambao maneno yake hayaeleweki. Akikwambia alinunuliwa, andika kwamba alinunuliwa, wala usibadilishe. Andika kwa herufi uzijuazo, rekodi kwa simu, wape nakala ndugu zako walio mbali. Wanaoyajua majina haya Kivinje sasa ni wachache, na wengi wao wamepita miaka 80. Nenda mwaka huu.